Je, Wajua? Mbio za Barabarani kwa Mkimbiaji wa Kawaida, Kuanzia Madimba

Je, wajua kwamba bomba la gesi linalotoka kwenye mitambo ya kuchakata gesi ya Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam lina urefu unaokaribia kilomita 500? Hizo ni marathoni 12 hivi, moja ikianzia pale nyingine inapoishia. Mtu wa Madimba anayetaka kuonja mbio za barabarani hahitaji hata moja kati ya hizo. Mbio nyingi za Tanzania huweka kilomita 5 pembeni ya zile ndefu, na humo ndimo wanamoingia walimu, mama lishe, madereva wa bodaboda, wauguzi na wakulima wa korosho. Safu hii ni yao.

Je, wajua kwamba katika karibu kila mbio, wanaogombea fedha za zawadi ni kundi dogo la mstari wa mbele? Wengine wote wamelipa kiingilio, wamevaa fulana ya mbio na wanashindana na saa yao wenyewe, au hawashindani na chochote. Bila hao hakuna mbio, kwa sababu viingilio vyao ndivyo vinavyolipia maji, medali na gari la wagonjwa.

Je, wajua kwamba Mtwara ina mbio zake? Bodi ya Korosho Tanzania, ambayo makao yake makuu yako Mtwara mjini, ndiyo iliyoleta Korosho Marathon. Kwa hiyo mkimbiaji wa Madimba halazimiki kukusanya nauli ya Moshi au Dodoma ili avae namba kifuani.

Namba hiyo nayo ina mambo yake. Hubandikwa kwa pini nne, moja kila kona, mbele ya kifua, si mgongoni wala kwenye paja. Ukibana pini mbili tu za juu, upepo wa kusi utaipeperusha ikupige kidevuni njia nzima. Ibane jioni ya siku iliyotangulia, fulana ukiwa umeitandaza kitandani. Asubuhi mikono hutetemeka na pini hupotea. Kisha ugeuze upande wa nyuma uandike kwa kalamu jina lako, simu ya ndugu yako, na ugonjwa ulio nao kama unao, iwe pumu, kisukari au presha. Na usimpe mtu mwingine namba yako akimbie nayo. Akianguka njiani, daktari atasoma habari zako akidhani ni zake.

Je, wajua kwa nini marathoni ni kilomita 42.195 na si 42 kamili? Katika Olimpiki ya London mwaka 1908 mbio zilianzia kwenye kasri la Windsor na kuishia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme. Umbali huo ndio uliokuja kupitishwa rasmi mwaka 1921. Nusu yake ni kilomita 21.0975.

Je, wajua kwamba njia ya mbio hupimwa kwa baiskeli? Si kwa gari wala kwa simu. Mpimaji hufunga kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko kwenye gurudumu la mbele, kwanza akapima kipande cha barabara kilichonyooka kwa utepe wa chuma ili ajue gurudumu lake linakwenda kiasi gani kwa mzunguko mmoja, kisha akapita njia nzima akifuata mkato mfupi kuliko wote ambao mkimbiaji anaweza kuupita kihalali. Kwenye kona huenda sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Halafu kila kilomita huongezewa mita moja ya tahadhari, ili njia isije ikaonekana fupi baadaye. Marathoni ikipimwa hivyo huweza kuwa na mita 42 za ziada.

Ndiyo maana simu yako husema umekimbia kilomita 5.1 au 5.2 wakati bango linasema 5. Hujaibiwa wala hujapunjwa. Umepita upande wa nje wa kona, umewazunguka watu, umekatisha barabara kwenda kuchukua maji. Na setilaiti nazo hukosea kidogo zikukosapo chini ya mikorosho.

Je, wajua kwamba kuna muda wa aina mbili? Wa kwanza huanza filimbi au bunduki inapolia. Wa pili huanza pale chipu iliyo kwenye namba yako inapokanyaga mkeka wa kunasia muda. Ukiwa nyuma ya watu elfu moja unaweza kutumia dakika nzima au zaidi kabla hujaufikia mstari. Usigombanie mbele, chipu inakungoja. Ila zawadi za washindi kwa kawaida hutolewa kwa muda wa bunduki.

Je, wajua kwamba tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03? Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iamue. Kilomita 42 zimekwishakimbiwa, na pengo la mwisho likawa dogo kuliko lile lililotenganisha wa kwanza na wa pili katika fainali ya mita 100 za wanaume kwenye mashindano hayohayo. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili kuvuka mstari, si mkono wala kichwa. Mkimbiaji wa kawaida naye ana la kujifunza hapo: vuka mstari ukiwa bado unakimbia, pita mkeka wote, ndipo usimame kupiga picha. Wengi husimama hatua moja kabla.

Je, wajua kwamba Mtanzania Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990? Ile ya 1988 aliikosa kwa sekunde moja. Mwaka 1989 akaenda New York akashinda kwa saa 2:08:01.

Je, wajua kwamba Mtanzania mwenzake Suleiman Nyambui, mshindi wa fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alishinda pia marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988?

Na Mtanzania mwingine, John Stephen Akhwari? Huyu hatuwezi kumpita haraka. Ilikuwa Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza, akaanguka njiani, goti likaumia vibaya na bega likagonga chini. Alifungwa bendeji akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikwishamaliza kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshatanda, watazamaji waliobaki wakiwa wachache, akamaliza kwa saa 3:25:27. Alikuwa wa 57, yaani wa mwisho kati ya waliomaliza, na zaidi ya kumi na watano walioanza naye walikuwa wameacha njiani. Leo ni wachache wanaomkumbuka aliyeshika nafasi ya nne siku ile, lakini Akhwari anakumbukwa dunia nzima. Mtu anayemaliza kilomita 5 za Mtwara akiwa wa mwisho, miguu imechoka na jua limepanda, amefuata nyayo zenye heshima. Asionewe haya na mtu.

Je, wajua kwamba Mtanzania yeyote aliyepita shule ya msingi zamani kidogo amekwisha kuwa kwenye klabu ya kukimbia? Mchakamchaka ni nini kama si hiyo? Alfajiri, foleni ya wawili wawili, kiongozi akiimba na wengine wakiitikia, vumbi likipanda, mwalimu wa zamu nyuma. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliwapa vijana mbio za namna hiyohiyo. Na klabu za jogging za Dar es Salaam, zinazotoka Jumapili asubuhi na ngoma na fulana za rangi moja, zimerithi humo humo.

Wataalamu wa mazoezi leo wana kipimo wanachokipenda: ukiweza kuzungumza sentensi nzima huku unakimbia, mwendo wako unafaa kujenga pumzi, ukishindwa, umezidisha. Mchakamchaka ulikuwa na kipimo hicho tangu mwanzo, maana asiyeweza kuitikia wimbo alionekana mara moja. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huo. Imba. Ukikosa pumzi ya kuitikia, punguza. Wakimbiaji hodari duniani hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo mwepesi, na mkimbiaji wa kawaida ndiye anayejiua kwa kukimbia kila siku kama anafukuzwa.

Mtanzania Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3:32.16. Je, wajua alivyoiweka? Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujificha nyuma ya mtu. Ni jambo la kustaajabisha, na ni jambo la kumwachia Bayi. Wewe na mimi tukitoka hivyo kilomita ya kwanza, ya nne tutaitembea.

Je, wajua kwamba kutembea si kosa? Hakuna kanuni ya mbio za barabarani inayokukataza. Kimbia dakika nne, tembea moja, kimbia tena. Wengi humaliza hivyo wakiwa na nguvu kuliko waliokaza mpaka wakakwama. Anayetembea asogee pembeni tu, asisimame ghafla katikati ya njia.

Je, wajua kwamba kukimbia kwenye mchanga mkavu, laini, hutumia nguvu mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu? Hilo limepimwa na wanasayansi, lakini mtu wa Msimbati, pwani iliyo jirani na Madimba, hakuhitaji kuambiwa. Kilomita 3 za mchanga wa kutitia ni karibu sawa na kilomita 5 za lami kwa mapafu na mapaja yako. Kwa hiyo ukiona mwendo wako wa Madimba ni wa polepole kuliko wa shemeji yako anayekimbia Dar es Salaam, muulize anakimbilia wapi.

Pwani ya Msimbati ina dawa yake mwenyewe. Maji yakipwa, huacha ukanda wa mchanga uliolowa na kushikamana, mgumu kiasi kwamba magari hupita. Hapo ndipo pa kukimbilia. Shida ni kwamba ukanda huo haukungoji. Saa ya kupwa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, hivyo ukikimbia leo saa 12 asubuhi kwa raha, baada ya wiki saa ileile utakuta bahari imefika kwenye minazi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani hii hupita mita 3, ufuko hupanuka kweli, na pia hufunikwa kweli. Wakati wa maji mafu mabadiliko ni madogo. Wavuvi na kina mama wanaokwenda kuokota chaza na kuvua pweza wanaijua kalenda hiyo bila kuiandika. Mkimbiaji awaulize wao. Kuna tahadhari moja ya kuongeza: ufuko huinama upande wa bahari, mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwenzake, na nyonga hulalamika. Nenda na urudi njia hiyohiyo ili kila mguu upate zamu yake.

Mahali hapa, wajua, ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye eneo la kilomita za mraba 650. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Sioni sehemu nyingi duniani ambapo mtu anaweza kukimbia asubuhi moja akapita mikorosho, mitambo ya gesi, mikoko na bahari ya hifadhi.

Je, wajua kwamba jua la Mtwara huchomoza karibu dakika 40 kabla ya lile la Kigoma, ingawa saa za ukutani ni zilezile? Nchi ni pana. Mbio zikipangwa kuanza saa 1 asubuhi, mkimbiaji wa Kigoma bado yuko kwenye ubaridi wa alfajiri, wa Mtwara jua limeshamkaa shingoni. Mbio za kusini zinafaa kuanza saa 12, na mgeni rasmi akichelewa, zianze bila yeye. Kuwasimamisha watu elfu moja juani wakisubiri hotuba ni kuwaumiza kabla hawajapiga hatua.

Je, wajua kwamba jua hupita utosini kabisa mwa Mtwara mara mbili kwa mwaka, katika nusu ya pili ya Oktoba na ya Februari? Na Oktoba ndipo korosho zinaanguka, watu wako shambani tangu alfajiri. Miezi ya Juni hadi Agosti, kusi likivuma na joto la alfajiri likishuka hadi nyuzi 20 hivi, ndiyo miezi ya kukimbia huku kwetu. Ila ni miezi ya kupuliza salfa mikoroshoni pia. Ukiona mashine za kupulizia zinanguruma upande wa upepo, badili njia. Vumbi la salfa na mapafu yaliyofunguka havipatani.

Jasho likitoka halijakupoza bado. Hupoza linapokauka. Kwenye unyevu wa pwani hukauka kwa shida, hudondoka tu, na mwili hubaki na moto wake. Ndiyo maana mgeni kutoka Arusha anaweza kuteseka Mtwara hata kama kwao ni hodari. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi ya joto ili uzoee.

Je, wajua kwamba kunywa maji kupita kiasi kunaweza kumuua mkimbiaji? Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488, wakakuta asilimia 13 wana upungufu wa sodiamu, wengi wao kwa sababu walikunywa mno njiani. Walio hatarini zaidi ni wa mwendo wa polepole, kwa kuwa wana muda mwingi wa kunywa. Kunywa ukisikia kiu. Kwa kilomita 5, kikombe kabla na vikombe viwili baada ya mbio vinatosha watu wengi.

Dafu je? Lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati mwili hupoteza zaidi sodiamu kwa jasho. Kwa hiyo dafu ni zuri baada ya mbio, lakini lisindikizwe na chumvi: kipande cha samaki, au muhogo wa kuchemsha uliotiwa chumvi.

Muhogo huo, wajua, ni chakula kizuri cha mkimbiaji. Ni wanga karibu mtupu, na wanga ndiyo kuni ya misuli. Mwili huweza kuweka akiba ya wanga ya kalori 2,000 hivi, inayotosha kilomita 30 au zaidi kidogo. Ndiyo maana wakimbiaji wa marathoni hukwama baada ya hapo. Kilomita 5 kwa mtu wa kilo 60 hutumia kalori 300 tu. Hakuna haja ya kushindilia sahani tatu za wali usiku wa kuamkia mbio za kilomita 5. Kula chakula ulichozoea, mapema, ulale.

Korosho kabla ya mbio? Hapana. Zina mafuta mengi, hukaa tumboni. Baada ya mbio ndiyo, zina protini na magnesiamu. Na bibo lenyewe, lile tunaloliacha lioze chini ya mti, lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Mbio zenye jina la korosho zingeweza kugawa juisi ya mabibo mstarini. Ningefurahi sana kuiona siku hiyo.

Je, wajua kwamba Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 pekupeku, kwa saa 2:15:16? Alikuwa amezoea tangu utotoni. Mtoto wa Madimba anayekwenda shule pekupeku ana nyayo kama hizo, mtu mzima aliyevaa viatu miaka 30 hana. Avae raba.

Raba za mtumba si dhambi. Ila usinunue kwa kuangalia rangi. Bonyeza soli kwa kidole gumba: ikibonyea na kurudi, ina uhai, ikiwa ngumu kama ubao, imekufa hata kama juu inang'aa. Pinda kiatu: kinapaswa kupindia vidoleni, si katikati. Vuta ukingo wa soli uone kama gundi inashika. Raba mpya hukimbia kilomita 500 hadi 800 hivi, basi ya mtumba uiwekee hesabu fupi zaidi. Na usiijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Tanzania magari hupita kushoto. Wewe kimbia kulia, uyaone yanayokujia. Vaa fulana nyeupe au ya njano kama hakujapambazuka. Kwenye barabara ya Mangamba, Madimba, Msimbati, bodaboda ya alfajiri haitegemei kukukuta.

Je, wajua kwamba mwaka 1967 Kathrine Switzer alipokimbia Boston na namba rasmi, msimamizi alimrukia akitaka kumnyang'anya namba hiyo barabarani? Alimaliza. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu, baada ya wanaume kuikimbia tangu 1896. Hapa nyumbani, mwaka 2017, mashindano ya wanawake ya Ladies First yalianzishwa Dar es Salaam kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, Juma Ikangaa akiwa mstari wa mbele kuyasukuma.

Na kwa dada zetu wa pwani wanaoambiwa kwamba stara na mbio havikai pamoja: Sifan Hassan alishinda marathoni ya Olimpiki ya Paris 2024 kwa saa 2:22:55, akapanda jukwaani kuvishwa dhahabu akiwa amevaa hijabu. Mikono mirefu, suruali pana, mtandio uliobanwa vizuri kwa pini, kitambaa chepesi kisichoshika maji. Hivyo ndivyo wanavyokimbia maelfu ya wanawake wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa. Kinachomzuia mwanamke wa Madimba mara nyingi ni ndoo ya maji na watoto wa kuandaliwa shule, saa ileile ya alfajiri ambayo wanaume wako huru. Mume anayesema anaunga mkono michezo aanzie hapo.

Ramadhani nayo? Wakimbiaji waliofunga huchagua nusu saa kabla ya futari, mwendo mwepesi, ili maji yawe karibu, au usiku baada ya tarawehe. Si mwezi wa kutafuta rekodi. Mwandaaji mwenye busara Mtwara huangalia kalenda ya Kiislamu kabla hajatangaza tarehe.

Je, wajua kwamba Fauja Singh alianza kukimbia marathoni akiwa na miaka 89, na mwaka 2011 akamaliza ile ya Toronto akihesabiwa kuwa na miaka 100? Alitumia saa nane na dakika 11. Basi babu wa miaka 65 asiogope kilomita 5. Apime presha kwanza zahanati, aanze kwa kutembea, na akisikia kifua kinabana asimame papo hapo. Hilo ni kwa kila mtu, si kwa wazee peke yao.

Kwa upande mwingine, watoto wasisukumwe kwenye kilomita 21 au 42. Waandaaji wengi huweka miaka 18 kuwa kima cha chini cha marathoni kamili.

Je, wajua kiingilio chako huenda wapi? CRDB Bank Marathon, iliyoanza mwaka 2020, imekuwa ikichangia upasuaji wa moyo kwa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. NBC Dodoma Marathon, iliyoanza mwaka huohuo, inachangia vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kilimanjaro Marathon ya Moshi ni kongwe zaidi yao, ilianza mwaka 2003. Mbio zozote zikikuomba fedha, uliza zinakwenda kwa nani, na kama waandaaji wana kibali cha Riadha Tanzania na ruhusa ya polisi. Ukiona hawana daktari njiani, baki nyumbani.

Je, wajua kwamba Aprili 2023 Mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa Mtwara, Uwanja wa Nangwanda Sijaona? Uwanja huo unajua kupokea watu.

Na la mwisho. Tarehe 2 Oktoba 2004, katika bustani ya Bushy Park huko London, watu 13 walikimbia kilomita 5 asubuhi ya Jumamosi, bila kiingilio na bila zawadi. Wakarudia wiki iliyofuata, na nyingine. Leo mbio hizo za parkrun ziko katika nchi zaidi ya 20. Watu 13 hawakosekani Madimba.

Njia mnaweza kuipima wenyewe. Chukueni baiskeli ya gurudumu la inchi 28, pimeni mzingo wa tairi kwa utepe wa fundi cherehani; utakuwa mita 2.2 hivi. Fungeni kitambaa chekundu kwenye valvu, anzeni kikiwa chini kabisa, mmoja asukume na wawili wahesabu. Mizunguko 227 ni mita 500. Pigeni alama kwenye mti. Kwenda na kurudi ni kilomita moja, mara tano ni 5, na anayechoka anakuwa karibu na maji wakati wote. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji na zahanati siku na saa. Chagueni Jumamosi, anzeni saa 12 kamili, na asiondoke mtu mpaka wa mwisho amefika.